Kuteleza si Kuanguka

Laiti ningeanguka.
Ningeanguka chali pale Rabai Road, mchana, mbele za watu,
wangenibeba, ningefungwa plasta nyeupe
na watoto wa ploti wangeandika majina yao juu yake.
Lakini niliteleza tu.
Ukingo wa mtaro uliomeguka, mvua ya Aprili,
unyayo ukageukia ndani, kifundo kikalia tuk
kama kifungo kinachokata uzi,
nami nikabaki wima, furushi kichwani,
sare za shule ishirini na mbili, hata moja haikuguswa na tope.
"Kuteleza si kuanguka," akasema muuza mahindi.
Nikacheka naye.

Hiyo ilikuwa Aprili ya mwaka juzi.

Tangu hapo, sokoni Jericho, cherehani yangu ndiyo inayojua.
Kanyaga, inua, kanyaga.
Ikifika saa nane uvimbe umefura kandoni mwa kiatu
kama andazi ndani ya mafuta.
Opondo wa kibanda cha pili husikia mshono ukisita.
Hasemi kitu. Huongeza redio.

Mama Zuhura wa Pumwani alinikanda hadi nikauma leso.
Siku tatu nilitembea kama bi harusi.
Ya nne, maumivu yakarudi bila hodi.

Kisha Mama Lucy, foleni, eksirei.
"Mfupa mzima," akasema kijana mwenye koti,
akiinua picha dirishani, mguu wangu wa kijivu
ukaelea juu ya mapaa ya Umoja.
Mzima! Kama mtu aliyeshinda kesi.
Nikarudi nyumbani nikichechemea na uzima wangu.

Chelagat wa chumba cha viungo ndiye aliyeuliza:
Kwenye kokoto, je? Ngazi za kushuka? Usiku?
Akakishika kifundo kwa vidole viwili, akakivuta, kikayumba.
"Kano zimelegea. Zilivutwa, hazikurudi,
na wewe kesho yake ulikuwa kazini."
Nilielewa papo hapo. Mimi ni fundi:
lastiki ya sketi ikishavutwa kupita kiasi
bado ipo, haijakatika, ila haishiki kiuno.
Kwenye sketi naichomoa, natia mpya, shilingi hamsini.
Nikamtazama.
Akatikisa kichwa, akacheka kidogo.

Basi alfajiri, chai ikichemka, nasimama kwa mguu mmoja
mbele ya sinki, mswaki mdomoni,
mkono karibu na ukuta, haugusi,
korongo aliyekosa ziwa.
Hesabu hadi thelathini, alisema.
Jumatatu nilifika tisa.
Leo kumi na tisa, kikatetema, nikauparamia ukuta wa baridi,
povu la dawa kidevuni.
Kavata akapita na ndoo ya maji.
"Mama, umeanguka?"
"Nimeteleza tu."
Nikainua mguu tena.
Moja.