Keekee Imeota Meno

Kimekuja na boti ya Jumanne, ndani ya mfuko wa unga wa ngano,
kimeviringwa kwa leso iliyopauka:
sahani ya chuma yenye meno arubaini (nimeyahesabu),
mkono wa pembeni, kikombe cha plastiki cha kukinga macho,
na kijiti cha kuingia kinywani mwa keekee.
Jina hakina. Kakangu Mcha, aliyekiokota Darajani
kwenye lundo la vyuma vya mtumba, kaandika kwa wino:
"Hiki kinaifanya keekee kuwa msumeno.
Mwambie baba asicheke."

Baba alicheka.
Keekee yetu tunaijua: buluu, mgongo umepasuka,
imefungwa utepe mweusi kama mgonjwa.
Miaka saba kazi yake kutoboa, kutoboa tu,
tundu la komeo, tundu la bawaba,
tundu la waya wa taa kwa Bi Mgeni wa Limbani.
"Paka," akasema, "humvishi kilemba ukamwambia aswalishe."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye ubao.
Ubao wa mfenesi, wa kitanda cha Saumu, anaolewa Alkhamisi ya pili.
Umeegemea ukuta tangu mwezi wa karafuu,
tangu tawi lilipomwachia baba.
"Bega nimeliacha Mtambwe, juu ya mkarafuu," huwaambia wanaomzuru,
"hili nililorudi nalo ni la kuvalia shati."

Msumeno wa mkono haumtaki mtu wa bega la shati.
Mie nimejaribu. Asubuhi nzima, shibiri moja,
na mstari umepinda kama barabara ya zamani ya Chake.

Basi tukaivisha. Nikajifunga leso kiunoni,
nikakikaza kinywa cha keekee kwa ufunguo wake,
baba akapiga uzi wa chaki.
Chombo kinataka mikono miwili,
mmoja wa kufyatua, mmoja wa kuongoza.
Baba anao wa kushoto. Mie ninao wa kulia;
wa kushoto ninao pia, ila huo umeshika ubao.
Tukasimama bega kwa bega,
yaani bega langu kwa lile la shati.
"Bismillahi," akasema. Nikafyatua.

Yakhe, sauti ile!
Kuku wa jirani waliruka ua.
Unga wa manjano ukatumwagikia miguuni,
ukinuka fenesi lililoliwa mwaka gani sijui.
"Usiisukume," baba sikioni, "iache ile yenyewe.
Mwenye njaa halishwi kwa ngumi."
Meno yakala. Mstari ukawa mstari.
Mkono wake ukitaka kulia, wangu ukajua
kabla hajafumbua mdomo.

Keekee ikaanza kunuka nywele zilizoungua.
Tukaipumzisha, tukaipepea kwa kawa,
tukaipa muda wa chai ya rangi, tukaanza tena.
Nusu ya ubao. Robo tatu.
Zimebaki shibiri mbili.

Kisha kimya.
Si keekee. Ni tukuza, imesoma sifuri.
Umeme uliotoka Tanga, ukapita chini ya bahari
bila ya kulowa hata upindo,
umekuja kukwama mlangoni petu kwa shilingi elfu mbili.

Mfukoni mwangu mna mia tano na msumari.
Baba hakusema kitu. Akautungua msumeno wa zamani,
akaupaka nta ya mshumaa, akanipa,
akauweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu.
Shibiri mbili. Mpaka adhana ya alasiri.

Kitanda kilikwenda Jumatano, kinang'aa vanishi, vijana wanne wamekibeba.
Pitisha kidole ubavuni mwake: laini, laini, laini,
halafu pana mahali kinakwaruzwa
kama kimelambwa na paka.
Saumu hajui. Niliwaambia wabebaji tu
ubavu ule uelekee ukutani.

Usiku Mcha akapiga simu. Kinafaa?
Baba alikuwa akiyafuta meno, moja moja, kwa mafuta ya nazi.
"Mwambie," akasema, "nilicheka."