Ukuta Usiopigwa Timazi

Mimi ni mwashi. Ukuta naujua kwa kiganja;
nikiugusa tu najua kama aliyeujenga alikuwa na njaa.
Lakini tangu Aminieli ateleze kule Njiro,
ghorofa ya tatu, mwiko ungali mkononi,
nafanya kazi za chini: misingi, makaro, sakafu.
Vijana wa saiti wakanibatiza Fundi Shimo.

Saruji ilipokatika, Ndelilio, binamu yangu,
anayepandisha wageni, akanipa begi la mtu nilibebe,
siku nne, mlima Meru,
huu huu ninaoupa mgongo kila asubuhi nikikoroga udongo.

Tukatoka kambi ya juu saa nane usiku.
Askari wa hifadhi mbele, bunduki begani,
taa za vichwani zikipanda moja moja
mpaka pale wanapopaita Kifaru.
Kisha ardhi ikaisha pande zote mbili.

Kushoto kreta. Giza limetulia humo kama maji ya kisima.
Nikasukuma kokoto kwa ncha ya kiatu
nikasubiri kuisikia ikitua.
Ningali nasubiri.
Kulia majivu, mteremko mtupu
hadi taa za Ngaramtoni, na mbele yake Arusha
kama mtama uliomwagika uani, hakuna wa kuuokota.
Katikati ndiyo njia:
matofali mawili ya kulaza,
mahali pengine moja na nusu.

Nani alijenga huu? Viungo havina chokaa,
pembe hata moja haijakaa mraba,
mawe yameegemeana kama walevi wa mbege
wanaosindikizana, kila mmoja akidhani ndiye mzima.
Magoti yakawa uji.
Nikakaa. Nikalikumbatia jiwe kwa mikono miwili,
mtu mzima, baba wa watoto wanne.

Ndelilio hakuniambia nisitazame chini.
Alichuchumaa, akasema, "Fundi,
hebu lipime."

Nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Zima.
La pili, zima.
La tatu likacheza, nikaliruka.
Nikaenda hivyo, jiwe kwa jiwe, kozi kwa kozi,
upepo ukinivuta koti kama mwenye deni lake,
na mgeni nyuma yangu akadhani ni mila ya mlima,
akaanza naye kugonga.

Kulipopambazuka, Kilimanjaro ilisimama mbali juu ya mawingu,
ubavu mmoja umeshika moto.
Sikuitazama sana. Nilikuwa natazama vidole vyangu,
vimechubuka vyote, vya kulia zaidi.

Kileleni kuna bendera ya bati.
Wenzangu wakapigana picha;
mimi nikaona imeenda upande, nikajaribu kuinyoosha.
Haikunyooka.
Nikamtaja Aminieli mara moja, kwa jina lake lote,
Aminieli Nanyaro wa Akheri,
na Ndelilio akageuka, akajifanya anafunga kamba za kiatu
zilizokuwa zimefungwa.

Kushuka sisimulii. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi.

Jumatatu saruji ikafika.
Nikapanda jukwaa nikigonga kila ubao,
vijana wakacheka mpaka wakaacha.
Kozi ya tisa, upande unaotazama Meru,
ilikuwa imepinda kwa unene wa kucha.
Nikaomba nyundo.