Mshika Kibao

Kazi yangu ni tarakimu.
Ubao mweusi wa urefu wa mkono, misumari minane,
na kopo la Kimbo lililojaa namba za mabati,
mbili mbili za kila namba, ila saba.
Saba ni moja. Ya pili iliruka na upepo
ikaangukia ng'ambo ya ua, kwenye shamba la sukuma wiki,
na mwenye shamba akakataa kuirudisha.

Gari linakuja. Nainua. Ana nusu pumzi ya kusoma.
Binti yangu Kerubo, miaka kumi na mitano,
kalala chali ndani ya gari la kiti kimoja
kama njugu gandani,
magurudumu uchi, kichwa nje,
na moyo wangu sijui umefungwa mkanda upi.

Machi, duru ya kwanza, Embakasi.
Huku juu hewa ni nyembamba;
vijana wa Mombasa walilalamika injini zao zina pumu.
Kerubo wa sita. Nikatundika 6
nikaona haya,
kana kwamba ni mimi niliyekanyaga breki mapema.

Mei, mvua. Udongo mweusi ulipanda kwenye lami
ukawa sabuni.
Asiimwe wa Kampala alizunguka mara mbili akatoka akicheka.
Ntwali wa Kigali alipita kati ya madimbwi
kama anayekumbuka njia ya kwao,
akamfikia Kerubo, akabaki nyuma yake nusu sekunde.
Siku hiyo nilidanganya kwa mara ya kwanza.
Nikatundika: 2.0.
Nilitaka tu mabega yake yashuke.

Julai, baridi ya kukunja vidole.
Matairi yalikataa kupata joto,
fundi Omwenga akayafunika kwa blanketi langu la maua,
lile nililopewa nilipojifungua.
Wenzetu walibadilisha matairi kila duru.
Sisi tuliyageuza, la kushoto kulia, la kulia kushoto,
kama ninavyogeuza kola za wateja wangu pale Jericho:
upande uliochakaa ndani, mzima nje,
na shati linakwenda kanisani mwaka mwingine.

Agosti, kibao kilibaki mkononi
na gari halikuja.
Yakapita magari kumi na moja. Nikayahesabu. Nikayahesabu tena,
kama mtu anayepekua mfuko
kutafuta nauli aliyokwisha kuilipa.
Kisha akatokea kwa miguu kando ya nyasi,
pua ya gari kwapani,
anasema ana njaa.

Novemba, duru ya mwisho.
Yeye wa tatu kwa pointi, Asiimwe pointi moja nyuma.
Ndege ilishuka kuelekea uwanjani,
kivuli chake kikaifagia kona ya mwisho
na kwenye kivuli kile nikawaona wawili, wameshikana kama mkufu.
Sehemu tatu tu za sekunde.
Vidole vyangu vikaingia koponi vyenyewe:
mbili, nukta, sufuri.
Alichelewa kushika breki,
alichelewa hadi nikafumba macho,
na nilipofumbua kulikuwa na bendera ya miraba
na Omwenga ananipiga mgongoni kwa spana.

Jioni tulikula mahindi ya kuchoma juu ya sanduku la vifaa.
Nikamwambia nina jambo la kutubu.
Hakuniangalia hata, alikuwa akichokonoa jino.
"Mama, gari lina vioo. Viwili.
Nikiona mbili kamili, bila mkia,
najua mtu yuko mgongoni kwangu
na wewe umeogopa.
Ndipo nachelewesha breki."

Nikazipangusa namba kwa upindo wa leso,
nikazirudisha koponi moja moja.
Ile mbili imepauka kuliko zote,
rangi imekwisha shingoni
kwa kushikwa.