Ng'ombe Walivuta Ndege

Baba yangu, Ndahani wa Mlali,
alikuwa mpima mafuta Kongwa, miaka ya karanga.
Kazi yake kijiti: kukizamisha pipani,
kukitoa, kusoma unyevu ulipokomea,
kuandika hesabu kwa mkaa ubavuni mwa pipa,
maana daftari lilikuwa la Mzungu.

Mzungu mwenyewe aliitwa Haludi,
au ndivyo baba alivyolisikia jina lake.
Mkono wa kushoto vidole vitatu.
Asubuhi hakutaka kunusa petroli.
Usiku alikunywa, na akishakunywa alisema.

Alisema: sisi hatukuwapiga askari.
Tulipita juu, baridi ikitugandisha kope,
tukitafuta matangi, mabomba,
mitambo mirefu ya kusafishia mafuta.
Tukaangusha. Wakatengeneza.
Tukarudi, tukaangusha.
Tulikuwa saba ndani ya ndege;
nimebaki mimi, na vidole hivi.
Adui alikuwa na akili, Ndahani,
alikama mafuta kwenye makaa ya mawe.

"Alikama mawe?"
"Alikama mawe. Nasi tukaenda kuyaua yale mawe."

Ndipo likaja neno ambalo baba aliingia nalo kaburini:
kwamba mwishoni ndege za adui zilikuwa mpya,
zimejipanga uwanjani zinang'aa,
na matumboni mna tone la kurukia tu, si la kutembelea.
Basi wakazifunga kamba
na ng'ombe wakazivuta mpaka kwenye njia ya kurukia.

Baba alicheka hadi akakaa chini vumbini.
Wangapi? aliuliza. Maksai, au majike?
Wa rangi gani?
Haludi hakujua.
Baba akamhurumia: mtu aone jambo kubwa namna ile
asihesabu ng'ombe!

Lakini mama husema usiku ule hakulala.
Alikuwa mtoto mwaka wa Mtunya,
vita vya kwanza, jeshi moja likiondoka na jingine likiingia,
na kila jeshi lilikuja na kamba.
Walifungua zizi. Walikomba mtama vihengeni.
Risasi hakuna aliyeisikia pale kwao,
na bado walizika watu hadi wazikaji wakaisha.
Alfajiri akamwambia mama, akiwa bado chali:
"Wale walipigwa kama tulivyopigwa sisi.
Ghalani."

Akaamka, akaenda kazini.
Siku hiyo mashine ilikuwa kifaru kilichonyolewa mzinga,
kinakokota mnyororo kung'oa migunga
katika udongo unaokaza kama tofali.
Baba akatia kijiti tumboni mwake.
Robo.
Akasema hakuona tofauti,
tumbo la kifaru na tumbo la trekta,
kiu ni ileile.
Karanga zenyewe, mnajua, hazikuota za kutosha gunia,
na hakuna aliyezipiga bomu.

Kijiti ninacho. Kimeliwa mchwa upande mmoja.
Ninakitumia hapa sokoni, kwenye mashine yangu ya kusaga,
kwa pipa la dizeli ambalo juzi limepanda bei
na jana limepanda tena.
Redio inasema matangi yamewaka huko,
nchi ambayo siwezi kuitamka vizuri;
msomaji ametumia neno "mafanikio",
kisha akasoma habari za mpira.

Nimezamisha. Nimetoa.
Kidole kimoja na nusu.
Hiyo ni debe nane, labda tisa, kama mkanda hautateleza.
Nje wameketi juu ya ndoo zao:
Mama Chiloli na uwele wa msiba,
binti wa Lechipya amebeba mtoto na mahindi,
wale wawili wa Pandambili waliotembea tangu usiku.
Hakuna aliyeniuliza vita ni vya nani.
Wanauliza kama mashine itafika kwao.

Nimewahesabu. Kumi na wanne.
Nimeandika kwa mkaa ubavuni mwa pipa.