Unga Mzito

Bariti, si baruti. Hailipuki.
Inakaa tu, nyeupe, baridi,
na mgeni akiiokota mkono humshuka:
kijiwe hiki, uzito wote huu umetoka wapi?

Thomasin Nattrass hashtuki.
Miaka sita uwanja wa kuoshea madini, milima ya Alston,
maji yakimng'ata vidole,
amechambua mawe kwa kiganja, si kwa jicho:
jepesi la chokaa kushoto, bariti kulia,
na witeriti peke yake, ndoo yenye kifuniko,
maana mke wa Featherstone aliisaga awawekee panya
na kuku wakafa pia.

Jumamosi, unga kwa Bwana Coulthard.
Ratili saba. Mizani ya duka ikasema saba.
Lakini mfuko ulikuwa mdogo kuliko saba zote alizowahi kubeba,
na mkono ukamnong'oneza:
humu mna kitu tunachojuana.

Njaa haikungoja. Alioka.
Mkate ukalala chini kama aliyechoka,
na mdogo wake Jabez akala vipande viwili.

Ndipo akachota kijiko cha unga, akakoroga majini.
Juu, wingu kama la maziwa.
Chini, upesi mno, tabaka jeupe
lisiloyeyuka, lisilobembelezeka.
Uzuri wa mkakasi.
Akalikausha juu ya koleo, akatia chembe motoni:
ukingo wa ndimi ukageuka kijani,
kijani cha tufaha bichi.

Bariamu.
Lakini ya nani? Hawa ni ndugu, damu moja,
moto wao mmoja, uzito wao unakaribiana.
Mmoja hupita tumboni kama changarawe mtoni.
Mwingine husimamisha moyo.

Jabez alikuwa akilamba kisu.

Siki. Iko wapi siki?
Tone moja. Akainamisha sikio, kwa kuwa witeriti
hunong'ona ikiguswa na uchungu, hutoa vipovu.
Hii haikusema neno.
Tone la pili.
Haikusema neno.

Mwizi, basi. Mwizi tu!
Akacheka mpaka mtoto akalia.

Jumatatu akaweka juu ya meza ya Coulthard
bonge la bariti, kama ngumi.
Akaligonga; likapasuka vibao vilivyonyooka,
nyuso zake laini, zenye mng'ao wa lulu.
Akalikwaruza kwa sarafu ya shaba,
vumbi jeupe likaanguka kwenye daftari la madeni.

"Lipime," akasema.
"Kwa bei ya unga wako,
hili ni mkate wa watu wangapi?"