Jina Lililotangulia

Saa mbili asubuhi, Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nafungua makufuli mawili ya chumba cha chini
na kumsalimia mfu wangu.
Amelala ndani ya plasta tangu kiangazi,
mifuko ya mchanga imemshika ubavuni
kama jamaa wanaomsindikiza mgonjwa.

Chombo changu ni keekee ya daktari wa meno,
ya enzi za Warusi, inalia kama mbu mwenye kinyongo.
Kazi ni kuondoa jiwe na kuuacha mfupa.
Jana nilipuliza, nikangoja, nikapuliza tena:
ukucha mmoja.
Nikaenda kunywa chai ya chumvi.

Wa kwanza wa ukoo huu alichimbwa Gobi
zama za babu zetu, na wageni wenye kofia pana.
Walimkuta juu ya mayai.
Mayai haya, wakasema, ni ya yule mwenye ngao shingoni;
huyu basi kafumaniwa.
Wakili hana, shahidi hana,
na kinywa chake kisicho na meno kikamponza:
si cha kuvunjia maganda hiki?
Wakamwandika kwa lugha za wafu: mwizi wa mayai.

Ikapita miaka sabini. Jangwani likaokotwa yai
la namna ile ile, ganda limeliwa na upepo,
na ndani kijusi kimejikunja,
mifupa kama njiti za kiberiti,
sura ni ya mtuhumiwa.

Alikuwa anaatamia.

Huyu wangu naye, mtazame. Mikono kaitandaza
kama mtu anayezuia nguo zisipeperuke.
Mayai yamepangwa duara, mawili mawili,
katikati pameachwa wazi pa kukalia,
uzito usije ukawavunja watoto.
Kisha kilima cha mchanga kikalowa, kikaporomoka.
Angeweza kukimbia. Miguu anayo, mirefu,
nimeisafisha kwa mikono yangu.

Profesa Gombosuren hukohoa nikisema hivyo.
"Alichowaza hatukijui, Oyuungerel. Tunajua alipokaa."
Jike au dume, hilo nalo halijathibitika.
Huenda ni baba. Hata mbuni wa leo,
usiku ukiingia, dume ndiye hulalia mayai.

Baba yangu alikutwa mwaka wa zud,
ule msimu wa barafu unaofyeka mifugo,
kaganda kando ya farasi wa jirani,
kamba mkononi.
Mama alisema: alikuwa anamrudisha.
Jirani alisema lingine.
Nyayo zingetuambia zilielekea wapi,
lakini theluji ilianguka siku tatu.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilikwenda pale na koleo,
nikachimba hadi nikafika kwenye nyasi.

Nilimuuliza profesa kwa nini wasimbadilishie jina,
maadamu kesi imekwisha.
Akanieleza kanuni, kwa upole, akifuta miwani:
jina lililotangulia ndilo litakalosimama,
hata likiwa kosa, hata likiwa tusi;
tukianza kuyafuta, hakuna atakayejua
nani alimzungumzia nani.
Nilimwelewa.
Sokoni yuko mzee mmoja muuza matandiko
ambaye kila nipitapo huvuta mzigo wake karibu.

Miaka milioni sabini na kitu.
Theluji siku tatu tu.
Sijui jangwa limempendelea nani.

Saa kumi na moja taa zinayumba.
Nimefika kwenye kiwiko cha kushoto; jiwe limebadilika,
jekundu zaidi, gumu, linakula sindano.
Chini yake, mkono umekunjwa juu ya kitu.
Yai, atasema yeyote.
Mimi sijaandika.
Namfunika kitambaa, nafunga makufuli mawili.
Kesho nitaanzia kwenye vidole.