Vumbi la Moja kwa Ishirini na Nne

Bodi nimelikata kwenye debe la mafuta ya kula,
matairi ni soli ya kandambili,
kioo cha mbele kilikuwa kasha la kaseti.
Hiyo ni kazi ya wiki sita,
na yeyote mwenye kisu kikali ataiweza.
Kuchafua ndiko kunakonila miezi.

Ndahani, jirani yangu hapa Chang'ombe, huunda mabasi.
Yake yanang'aa utadhani yameshushwa melini asubuhi hii.
Vanishi mara tatu, kisha anayafunika kwa kanga ya mkewe.
Akija kwangu hushika kiuno:
"Fundi, Jumamosi umemaliza kupaka rangi,
Jumapili unaiharibu. Umerogwa na nani?"

Simjibu. Nina chumvi mkononi.
Punje za chumvi ya mawe juu ya rangi ya kutu,
buluu juu ya chumvi, nangoja ikauke,
halafu nasugua kwa mswaki uliochoka:
chumvi inabanduka, kutu inachungulia
kama goti kwenye suruali ya shule.

Masizi ya koroboi nyuma ya bomba la moshi.
Tapentaini na tone jeusi kwenye mishono ya milango.
Kisha vumbi.
La Kolo jekundu, likishika limeshika.
La Bahi jeupe, hukaa juu juu
kama unga kwenye nyusi za mwenye mashine ya kusaga.
Nalichekecha kwa soksi, mara mbili, mara tatu,
maana punje moja ikinipita
kwenye lori la ukubwa huu inakuwa jiwe.

Kiasi gani kinatosha? Hapo hakuna rula.
Malori matatu nimeyaua kwa kutojua kuacha.

Hili la nne ni Fiati ya baba.
Lilikuwa likiingia uani saa mbili usiku kutoka Kondoa,
jekundu mpaka kope,
na baba akishuka
umbo la mgongo wake linabaki safi kwenye kiti.
Nilikuwa na miaka saba, nimeshika taa.
Ndivyo nilivyolipaka.

Mwezi jana mama alikuja kutoka Kibakwe.
Akaliweka kiganjani, akalipuliza.
Vumbi halikutoka.
"La nani hili?"
"La baba."
"Baba yako?" Akacheka kwa pua.
"Baba yako aliliosha kila alfajiri. Ndoo nne,
maji ya kununua, mimi nanung'unika mlangoni.
Lori chafu, alisema, ni la mtu asiye na kwao."

Nikahesabu. Kweli,
asubuhi zote zile
nilikuwa naamka limeshaondoka.

Nikafikia pamba. Nikafikia chupa ya tapentaini.
Mama bado analigeuza, analigeuza,
macho yake hayaoni vizuri, anasoma kwa ukucha,
na ukucha ukasimama mlango wa dereva,
chini ya dirisha,
pale rangi imelika mpaka bati,
upana wa punje ya uwele.
Sikumbuki kwa nini nilipakwangua pale.
Nilikuwa na sindano, mkono ukataka.

"Kiwiko," akasema.

Hakuongeza neno.
Alikaa nalo mapajani mpaka chai ikaota ngozi,
kisha akauliza kama nyanya zimepanda bei Majengo.

Ndahani anataka kujua nitaliosha lini,
sasa kwa kuwa shahidi amesema.
Ameniletea hata kopo lake la vanishi, limebaki nusu.
Anasema lori la mtu msafi ni deni.

Pamba ipo mezani bado.
Juzi nilifuta taa moja, ya kushoto,
nikarudi nyuma hatua mbili, nikatazama
hadi muadhini akaanza.
Leo nimeirudishia vumbi.
Kidogo. La Kolo.